Kapenguria: Jela Iliyowekwa Mbali Makusudi

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha mafunzo cha vijana wa chama, Kitale. Wengi wenu mliniomba niiandike, kwa hivyo naiweka hapa karibu vile nilivyoisema siku ile.)

   

Mwenyekiti ameniambia niko na dakika ishirini, na mnajua mwanafunzi wa sheria akipewa dakika ishirini huchukua arobaini. Nitajaribu. Kichwa nilichopewa ni "Haki za mtu aliyekamatwa". Ningeweza kusimama hapa niwasomee Katiba kifungu kwa kifungu hadi mlale. Badala yake nataka twende hapo tu jirani, kilomita kama 40 kutoka hapa tulipo, tupande hadi Kapenguria. Kuna jela ndogo pale. Siku hizi hakuna mfungwa ndani yake, ni makumbusho tangu mwaka 1993. Wengi wenu mlipelekwa pale na shule mkapigwa picha mlangoni, mkaambiwa majina sita, mkapanda basi mkarudi. Hata mimi nilipelekwa hivyo. Majina tunayajua kama nyimbo: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba.

Kitu ambacho hatukuulizwa shuleni ni hiki: kwa nini Kapenguria? Kwa nini sio Nairobi? Si watu hawa walikamatwa Nairobi na viunga vyake? Si korti kuu ilikuwa Nairobi? Si mawakili, magazeti, maktaba ya sheria, simu, kila kitu kilikuwa Nairobi?

Jibu la swali hilo ndilo somo langu la leo. Lile jengo liliwekewa watu wale kwa sababu lilikuwa mbali. Umbali wenyewe ulikuwa sehemu ya kesi.

Ilivyokuwa

Tuanze usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952. Ndiyo, ile tarehe tunayopumzika kila mwaka. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo huo polisi wakafanya msako walioupa jina Jock Scott. Wakashika zaidi ya watu mia moja. Kenyatta akachukuliwa kwake Gatundu, akasafirishwa kwa ndege hadi Lokitaung, kule juu kabisa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Sasa sikilizeni. Alikamatwa Oktoba 20. Mashtaka alikuja kusomewa Novemba 18, Kapenguria. Hesabuni siku. Karibu mwezi mzima mtu yuko mikononi mwa serikali na hajaambiwa kosa lake mbele ya korti. Shtaka lenyewe lilikuwa kwamba wao sita walikuwa wakiendesha Mau Mau, ambacho serikali ilikuwa imekitangaza kuwa chama haramu mwaka 1950.

Kapenguria ya wakati ule haikuwa na reli. Haikuwa na hoteli. Haikuwa na maktaba ambayo wakili angefungua kitabu. Korti yenyewe ilikuwa darasa la shule. Tena West Pokot lilikuwa eneo lililofungwa, mtu haingii bila kibali cha serikali. Maana yake, ndugu ya mshtakiwa akitaka kuja kumwona, anaomba ruhusa kwa wale wale waliomkamata. Mwandishi wa habari akitaka kuandika, anaomba ruhusa. Wakili naye anaomba ruhusa.

Mawakili walilala hapa Kitale. Mji huu wetu ndio uliokuwa ofisi ya utetezi. Kila asubuhi wanapanda gari, wanapita barabara ya vumbi hadi kortini, jioni wanarudi. Na si mawakili wadogo: D. N. Pritt alitoka Uingereza, Diwan Chaman Lall akatoka India, H. O. Davies akatoka Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika, akaja pia. Wa hapa nyumbani walikuwa Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Angalieni hiyo orodha tena. Wakati leo mtu anawaambia nyinyi ni wa kabila fulani na msijihusishe na mambo ya wengine, kumbukeni watu sita wa Kapenguria walitetewa na Mwingereza, Wahindi, Mnaijeria na Mjamaika.

Aliyesikiza kesi ni Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kama hakimu kwa ajili ya kesi hii. Hakukuwa na baraza la wazee wa kumsaidia kuamua. Peke yake. Wanahistoria wameandika kwamba Thacker alilipwa pauni 20,000 na serikali ya Baring. Pesa hiyo wakati ule ilikuwa utajiri wa maisha.

Mkalimani wa kwanza aliyewekwa kortini ni Louis Leakey, yule yule wa mifupa ya Olduvai. Kikuyu alikijua vizuri, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa mshauri wa serikali na alikuwa ameandika kitabu kizima dhidi ya Mau Mau. Mnaelewa? Mtu wa upande mmoja ndiye anayeambia korti maneno ya upande wa pili yanamaanisha nini. Mawakili walimpinga mpaka akajitoa.

Pritt naye alipotuma simu ya maandishi kwa wabunge kule Uingereza kulalamika jinsi kesi ilivyokuwa ikiendeshwa, alishtakiwa kwa kudharau mahakama. Kesi ikasimama, wakili akawa mshtakiwa. Korti Kuu Nairobi ikamwachilia, akarudi Kapenguria kuendelea na kazi.

Shahidi na kiapo

Kwa nyinyi mnaopenda sheria, hapa ndipo penye utamu.

Shahidi mkubwa wa serikali aliitwa Rawson Macharia. Aliambia korti kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Machi 1950. Mau Mau ilitangazwa haramu Agosti mwaka huo. Kwa hivyo hata tukikubali kila neno la Macharia, alikuwa akisimulia jambo lililotokea miezi kadhaa kabla ya chama hicho kupigwa marufuku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataliona hilo. Thacker hakuona shida.

Mwaka 1958 Macharia mwenyewe akaandika hati ya kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba serikali ilikuwa imemwahidi zawadi, ikiwemo masomo Uingereza. Je, serikali ilifungua kesi ile upya? Hapana. Ilimshtaki Macharia, si kwa kudanganya Kapenguria, bali kwa ile hati ya kusema alidanganya. Akafungwa. Ukisema uongo unaofaa serikali unapelekwa ng'ambo kusoma, ukiurudisha unapelekwa jela.

Hukumu ilisomwa Aprili 8, 1953. Miaka saba na kazi ngumu.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya shule. Julai 1953 Korti Kuu ya Kenya iliamua kwamba Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi ile. Kwa nini? Karatasi ya kumteua hakimu ilikuwa ya mkoa wa kaskazini, na Kapenguria ilikuwa mkoa wa Bonde la Ufa. Serikali ilikuwa imekimbia mbali sana na Nairobi hadi ikajikanyaga yenyewe, ikaweka hakimu mahali ambapo hakuwa hakimu. Kwa sheria, kesi ilikuwa imeanguka. Lakini serikali ikaenda Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki, na uamuzi huo ukapinduliwa. Rufani yenyewe ikasikizwa, na Januari 1954 mmoja tu alishinda, Achieng Oneko.

Sasa mtasema, angalau Oneko alienda nyumbani. Hakwenda. Korti ilimwachilia, serikali ikamweka kizuizini chini ya sheria za hali ya hatari. Na hiyo, vijana, ndiyo tofauti kati ya mfungwa na mtu wa kizuizini ambayo nataka mwondoke nayo leo. Mfungwa ana hukumu, ana rufani, ana tarehe ya kutoka. Mtu wa kizuizini hana hata moja kati ya hivyo. Oneko alishinda kesi akapoteza hata tarehe.

Lokitaung

Wenzake walipelekwa Lokitaung kumalizia kifungo. Kapenguria ni mbali. Lokitaung ni mbali ya mbali. Jua, mawe, maji ya shida. Kenyatta kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya upishi, wengine wakawa na kazi za sulubu. Waruhiu Itote, ambaye mnamjua kama Jenerali China, aliletwa huko pia baada ya hukumu yake ya kifo kubadilishwa.

Hata huko, habari zilitoka. Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, wakilalamikia hali ya jela, ilichapishwa London kwenye gazeti la The Observer. Hebu fikirieni barua hiyo imepita mikono mingapi. Hakuna simu, hakuna intaneti, kuna jangwa na askari. Na mwezi huo huo Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema wazi kwamba Kenyatta na wenzake bado ni viongozi wa watu. Hata baadhi ya Waafrika wenzake barazani waliogopa kauli hiyo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1961, Kenyatta alikuwa huru, baada ya kuzungushwa Lodwar na kisha Maralal.

Kwa hivyo umbali ulishindwa. Ulishindwa na wakili aliyelala Kitale na kuamka alfajiri kila siku, na barua iliyovuka jangwa, na mtu mmoja barazani aliyekataa kunyamaza. Hadi hapo hadithi ni tamu, na hapo ndipo mwalimu wa historia hufunga kitabu.

Mimi sitafunga.

Waliotoka jela, na jela waliyoiacha wazi

Baada ya uhuru wale sita walikuwa na nafasi ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyekuwa nayo. Walijua kwa miili yao maana ya kushikwa bila kosa na kupelekwa pasipofikika. Kama kuna watu wangevunja ule mtambo, ni wao.

Mwaka 1966, chini ya Rais Kenyatta, Bunge la Kenya huru lilirudisha uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha kortini. Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Majina ya vifungu yalibadilika, kazi ikawa ile ile. Kina Odinga walikuwa wamejitoa KANU mwaka huo na kuunda KPU, chama cha upinzani. Wa kwanza kuonja sheria hiyo walikuwa watu wa upande huo, wakiwemo wa vyama vya wafanyakazi.

Kaggia alijiunga na KPU. Huyu ni mtu aliyekaa Lokitaung na Kenyatta miaka yote ile. Kosa lake lilikuwa kuuliza wapiganaji maskini watapata lini mashamba. Mwaka 1965 Kenyatta alimsuta mbele ya watu kule Kandara, akamuuliza yeye amejifanyia nini, mbona wale waliofungwa naye wana nyumba na mashamba. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa tena. Safari hii ni kwa kufanya mkutano bila leseni. Leseni ya mkutano! Sheria ya mkoloni, imekunjwa vizuri, imewekwa kabatini, imetolewa tena ikiwa bado inanuka sabuni ya Mwingereza.

Oneko pia alijiunga na KPU. Oktoba 1969, baada ya ghasia za Kisumu ambapo polisi walipiga watu risasi, KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Oneko alikaa ndani hadi 1975. Mtu yule yule aliyeshinda rufani 1954 na kunyimwa uhuru na Baring, miaka kumi na tano baadaye ananyimwa uhuru na mtu waliyesimama naye kizimbani. Safari hii hakupata hata Thacker wa kumhukumu.

Ngei yeye alibaki karibu na rais. Mwaka 1975 korti ilimpata na kosa la uchaguzi, na kwa sheria hakuruhusiwa kugombea. Basi Katiba ya nchi ikabadilishwa ili rais aweze kumsamehe. Katiba nzima, kwa ajili ya rafiki mmoja. Wekeni hawa wawili pamoja kwenye mwaka huo mmoja: Oktoba 1975, Jean-Marie Seroney, naibu wa spika, na Martin Shikuku walichukuliwa bungeni wakapelekwa kizuizini. Walichofanya ni kusema bungeni kwamba KANU imekufa. Sheria inapindwa kumlinda rafiki, na inanyooshwa kumchapa mkosoaji. Zote mbili zinatoka mkono mmoja.

Mnajua zilizofuata. Ngũgĩ wa Thiong'o alikaa Kamiti mwaka mzima tangu Disemba 1977 bila kesi. Moi alipoingia aliwaachilia watu wa kizuizini Disemba 1978, watu wakashangilia, na miaka michache baadaye akaanza kujaza wa kwake. Julai 1990 akawashika Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga kwa kudai vyama vingi. Matiba alitoka na kiharusi na hakuwahi kuwa yule wa zamani. Kila chama tunachokiona leo, hiki chetu kikiwemo, kimesimama juu ya afya ya watu kama hao.

Mimi sisemi haya ili tumtukane Mzee. Yuko kaburini, na yale sita majina yanastahili heshima yao. Nasema kwa sababu tunapenda sana kuamini kwamba mtu aliyeteswa hawezi kutesa. Kapenguria inatuambia anaweza. Kilichokosekana mwaka 1963 hakikuwa watu wazuri. Waliacha mlango wa ile jela wazi, na aliyekuwa na funguo akautumia.

Umbali wa siku hizi

Mtu ataniuliza, dada, hayo ni ya zamani, Katiba ya 2010 ilimaliza hayo. Katiba ya 2010 ni nzuri, na nitaifikia. Lakini tuangalie umbali wa siku hizi unavyofanya kazi.

Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi. Homa Bay kuna kituo cha polisi. Homa Bay kuna korti. Hakupelekwa korti ya Homa Bay. Alisafirishwa kwa gari hadi kituo cha polisi cha Central, Nairobi, mamia ya kilomita, na kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia: kichwani, shingoni, mwilini.

Sasa linganisheni na mwanzo wa hadithi yangu. Mtu anatolewa pale anapojulikana, anapelekwa mahali ambapo babake hawezi kufika kwa haraka, ambapo hana wakili anayemjua. Zamani walitoa watu Nairobi wakawapeleka kijijini. Siku hizi wanaweza kumtoa mtu kijijini wakampeleka Nairobi. Mwelekeo wa gari umebadilika tu.

Na tangu maandamano ya Juni 2024, tumesikia majina mangapi ya vijana waliochukuliwa na watu wasiovaa sare, kwenye magari ambayo nambari zake hazisomeki, na familia zikazunguka kituo hadi kituo zikiambiwa "hayuko hapa"? Huo ni umbali pia. Unaweza kuwa seli ya pili kutoka kwa mamako na bado uko Lokitaung, ikiwa kitabu cha kituo hakina jina lako.

Katiba inasema nini

Waliokaa wakaandika Katiba walikuwa wanajua hadithi hii. Ukisoma Kifungu cha 49 ukiwa na Kapenguria kichwani, utaona kila mstari unajibu kitu.

Kenyatta alikaa karibu mwezi bila mashtaka. Kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24 tangu ushikwe. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, basi ni mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana wanapenda kushika watu Ijumaa jioni. Mkijua hilo, mtajua Ijumaa ni siku ya kuwa macho.

Mawakili wa Kapenguria waliomba vibali. Kifungu hicho hicho kinasema una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitaji. Sio zawadi ya mkuu wa kituo. Una haki pia ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, na haki ya kunyamaza. Tumieni hiyo ya kunyamaza, bana. Vijana wetu wakishikwa wanataka kutoa hotuba ndani ya Land Rover.

Leakey alikuwa mkalimani. Kifungu cha 50 kinakupa mkalimani bila malipo kama huelewi lugha ya korti, na kesi isikizwe hadharani, na wakili wa kuchagua wewe.

Na Kifungu cha 25 kinataja haki nne ambazo hakuna sheria wala hali yoyote inayoweza kuzipunguza: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na ile amri ya kumtaka aliyekushika akulete mbele ya korti, ambayo wanasheria huiita habeas corpus. Hiyo ya nne ndiyo dawa ya umbali. Inaambia serikali: popote ulipomweka, mlete hapa tumwone kwa macho.

Lakini karatasi haijipeleki kortini. Mtu lazima ajue umeshikwa, wapi, saa ngapi, na nani. Kwa hivyo kila tawi liwe na watu wawili wa zamu. Mwenzenu akishikwa, wa kwanza anaandika saa, mahali, nambari ya gari ikionekana, na majina ya waliokuwepo. Wa pili anaenda kituo kilicho karibu na kuomba nambari ya OB. Wakisema hayuko, aandike jina la askari aliyesema hayuko na saa aliyosema. Hiyo karatasi ndogo ndiyo wakili ataiweka mbele ya jaji kesho yake. Pritt alikuwa na kilomita 40 za vumbi kila asubuhi. Nyinyi mna simu mfukoni, hamna kisingizio.

Ombi langu kwa chama

Nimalizie na jambo ambalo huenda halitawafurahisha wote hapa mbele, na wazee mniwie radhi.

Sisi ni upinzani. Leo tunalia juu ya seli kwa sababu ni sisi tunaolala ndani yake. Ni rahisi kuipenda haki ya mtu aliyekamatwa ukiwa ndiye unayekamatwa. Kaggia na Oneko hawakufungwa mara ya pili na mkoloni. Walifungwa na chama walichokijenga.

Kwa hivyo naomba vijana wa kila tawi tupeleke hoja moja kwenye mkutano mkuu wa chama, iandikwe kwenye manifesto kwa maneno yanayoeleweka. Moja, serikali yetu haitamhamisha mtu aliyekamatwa kutoka eneo alilokamatwa bila amri ya korti, na familia yake iwe imeambiwa. Mbili, afisa yeyote anayekamata mtu bila kujitambulisha na bila kumwandika kwenye kitabu cha kituo atashtakiwa yeye kama yeye, asijifiche nyuma ya serikali. Tatu, kila mgombea wa chama chetu, kuanzia wadi hadi juu kabisa, aweke sahihi yake chini ya hayo mawili kabla hajapewa tiketi.

Mgombea akikataa kutia sahihi, basi tujue mapema. Afadhali tujue sasa tukiwa na kura mkononi kuliko tujue 1969.

Na kama kuna tawi litaandaa safari ya Kapenguria, mimi nitakuja. Nauli ni kidogo. Tutaingia, tutasoma yale majina sita, halafu badala ya kupiga picha tutakaa pale nje kwenye nyasi na kuandika hiyo hoja.

 Niko tayari kwa maswali, na tafadhali yawe maswali, yasiwe hotuba.